Ng'ombe wa Labieno

Jumapili, 15 Machi 2015

Pasta Theogene amekubali! Sikutarajia. Nilimfuata baada ya ibada, maneno nimeyapanga yote, nikijua ataniuliza Warumi wanatafuta nini kwenye Pasaka yetu. Akauliza kweli. Nikamwambia waliomsulubisha Yesu walikuwa askari wa Kirumi, na kabla ya hapo walikuwa wakiuana wao kwa wao. Akauliza, Paulo yumo? Nikasema Paulo bado hajazaliwa. Akacheka mpaka miwani ikateleza. Basi vijana wacheze, alisema, Pasaka saa tisa mchana, uwe mfupi, na suruali ziwe za heshima.

Suruali! Sikumwambia kwamba Warumi hawakuvaa suruali.

Mchezo wangu! Nimeutunga mimi, mwanzo hadi mwisho. Tangu tufike Louisville sijawahi kufanya kitu nikakinyooshea kidole kwamba hiki ni changu. Kule ghalani Okolona napanga maboksi ya watu. Nyumbani napika anachotaka mama. Kwenye kwaya naimba nyimbo zilizotungwa kabla sijazaliwa.

Ni vita vya Munda, Hispania, miaka arobaini na mitano kabla ya Kristo. Mwalimu wetu wa historia chuoni alivitaja kidogo tu akaendelea na mengine. Mimi nikabaki Munda. Kaisari upande huu, wana wa Pompeo upande ule, wote Warumi, wanatukanana kwa lugha moja. Na Labieno. Labieno alikuwa mkono wa kulia wa Kaisari miaka mingi, halafu vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza akamwacha, akaenda kwa adui zake. Siku ya Munda anaona kambi ya wenzake inavamiwa kwa nyuma. Anageuza farasi kwenda kuiokoa. Wenzake wanaona anarudi nyuma — Labieno anakimbia! Na wao wakakimbia. Wakauawa maelfu. Labieno naye akafa hapohapo, na wengi walikufa wakiamini amewasaliti.

Nililia kwenye basi siku niliyosoma hayo. Mama mmoja wa Kizungu akanipa kitambaa cha karatasi.

Kaisari atakuwa Kataliko, mtoto wa Bukavu mjini, dereva wa foklifti, gari la kunyanyua mizigo ghalani, ana kifua na sauti. Labieno ni Nkusi. Nani mwingine? Nkusi ni kaka yangu ingawa hatukuzaliwa tumbo moja. Alishuka kutoka milima ya Minembwe, Kongo, bibi yake alipokufa, mama akampokea Nairobi, tukala sahani moja, tukaja Amerika kwenye faili moja la ukimbizi. Aliusoma mchezo huu kabla ya mtu yeyote duniani.


Jumanne, 17 Machi

Leo ndiyo tarehe yenyewe ya vita! Nilimwambia Nkusi wakati wa kula kazini. Akainua soda yake juu: "Heri ya Munda, dada." Watu wa meza ya pili wakafikiri ni siku yangu ya kuzaliwa, wakaniimbia. Tulicheka hadi kengele ya kurudi kazini.

Daftari hili naliandika kwa Kiswahili cha shule ya Nairobi. Mama anasoma Kinyamulenge tu, lugha yetu ya mlimani, wadogo zangu wanasoma Kiingereza tu. Humu hakuna anayeingia.


Jumamosi, 28 Machi

Mazoezi chini ya kanisa. Kelele! Kila kijana anataka kuwa Bogudi, kwa sababu nilisema ni mfalme kutoka Afrika na ndiye aliyeivamia kambi. Nina Bogudi wanne na sina askari wa Pompeo. Nimewaambia Bogudi ni mmoja, wengine wafe mapema.

Shida ilikuwa sehemu ya mizigo. Historia inasema Labieno alipohama, Kaisari alimpelekea mizigo na mali zake zote huko alikokwenda. Niliposoma, vijana walinitazama tu. Kataliko akasema, sasa hapo ubaya uko wapi? Mtu anakuacha, unamtumia mabegi yake. Huyo Kaisari ni mtu mzuri!

Nikaenda kukaa kwenye ngazi nikafikiri. Nikarudi nikabadilisha. Sasa ni hivi: zamani Labieno alimgawia Kaisari ng'ombe jike, ndio wakawa marafiki. Alipohama, Kaisari anamrudisha ng'ombe yule pamoja na ndama zake, na mjumbe anasimama mlangoni kwa Labieno anasema: "Bwana wangu anasema zizi lake limesahau harufu yako."

 Hata Bogudi wote wanne waliacha kusukumana.  Hayo maneno sikuyapata popote, yalikuja yenyewe.

Nkusi peke yake alikuwa anatazama sakafu. Nikamuuliza vipi, hupendi? Akakuna shingo, akajibu kwa Kiswahili chake cha Kongo. "Bon... mchezo iko yako, dada. Weye njo unajua." Ana wivu kidogo, nadhani, maana sehemu ile yeye anasimama tu mlangoni kama kijiti.


Jumatatu, 6 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Jana kanisa lilijaa. Mwanzo kila kitu kizuri. Kataliko alipoingia na shuka jekundu la mama yake watoto walipiga kelele. Labieno akahama. Watu wakaguna. Halafu mjumbe akaja na ng'ombe — vijana wawili chini ya blanketi, nilidhani watu watacheka. Hawakucheka. Wazee wote wa mbele waliganda kwenye viti. Mjumbe akasema maneno ya zizi.

Mzee Semahoro akasimama. Akachukua fimbo yake, akatoka katikati ya viti, taratibu, mlango ukajifunga nyuma yake. Wanawe wakamfuata. Halafu nikaona watu wote wanamtazama Mzee Bisogo, aliyekaa upande wa pili, na Mzee Bisogo ameinamisha kichwa mpaka kwenye magoti.

Tulimaliza mchezo. Labieno alikufa na hakuna aliyepiga makofi.

Mama ndiye aliyenieleza, jikoni, huku ananitazama kama mtu asiyenijua. Kumbe wazee hawa wawili walikuwa marafiki wa ng'ombe kule mlimani. Semahoro alimgawia Bisogo ng'ombe kabla sisi hatujazaliwa. Halafu wakati ule watu wetu walipogawanyika, ndugu kwa ndugu, bunduki upande huu na upande ule, Bisogo akamrudishia Semahoro ng'ombe wake. Na ndama. Kijana wa Semahoro aliuawa mwaka uleule, na upande uliomuua ulikuwa wa kina Bisogo. Leo wote wanakaa Louisville, kanisa moja. Kanisa limewaombea miaka yote hii. Krismasi iliyopita walisalimiana kwa mkono kwa mara ya kwanza, na akina mama walipiga vigelegele. Nilikuwepo! Niliimba kwenye kwaya na sikujua vigelegele ni vya nini.

"Ng'ombe harudishwi, Kampire," mama alisema. "Watu wanaweza kugombana, wanaweza kushtakiana. Ng'ombe harudishwi. Ukimrudisha umemzika mtu akiwa mzima."

Mimi ng'ombe wa kwanza nilimwona buchani Nairobi. Nani angeniambia?

Nkusi angeniambia. Nkusi alichunga mpaka miaka kumi na minne.


Jumanne, 7 Aprili

Nimemuuliza. Alijua! Alijua habari ya wazee pia, bibi yake alimsimulia. Nikasema, kwa nini ulininyamazia? Akasema niling'aa sana siku ile, hakutaka kunizima.

Kuning'arisha halafu kuniacha nianguke mbele ya kanisa zima. Asante sana, kaka.


Jumatano, 8 Aprili

Kamati ya wazee imekaa. Mchezo umepigwa marufuku, na michezo yote ya vijana mpaka watakapoamua tena. Pasta Theogene alikataa kutaja jina. Aliwaambia ni kazi ya vijana wote kwa pamoja, aadhibiwe mmoja wa nini? Alinipigia kunieleza hivyo, nami nikamshukuru. Nilishukuru kweli.

Kwa hiyo hakuna aliyetunga Munda. Umejitunga.


Ijumaa, 24 Aprili

Nkusi anahamia Columbus. Amepata kazi huko, kiwanda kinalipa vizuri zaidi, atakaa mtaa wa Whitehall kwa binamu yetu Uwase. Mama amelia tangu asubuhi. Mimi nilikuwa nimeshamsamehe — siwezi kumnunia Nkusi wiki tatu, midomo inachoka.

Kwenye maegesho aliniambia nisiache kuandika. Nikamwambia naandikia nani? Akagonga simu yake mfukoni. "Munda yote iko humu. Ile unaandika, unitumie. Miye nitasoma siku zote."

Nyumba imekuwa kubwa ghafla. Viatu vyake haviko mlangoni.


Jumapili, 24 Mei

Uwase ametuma vidio kwenye kundi la familia. Mazoezi ya vijana wa kanisa lao. Nikafungua nikitabasamu kama mjinga.

Maneno yangu. Maneno yangu yote! Kaisari mwingine, kijana mwembamba simjui, anapiga kelele yale niliyomwandikia Kataliko: "Mara nyingi nimepigania ushindi, leo napigania roho yangu!" Na nyuma yake Labieno, Nkusi wetu, kwenye shati la kazi. Uwase ameandika chini: Mchezo wa kaka Nkusi kwa mkutano wa Buffalo!! Amejitungia mwenyewe!! Mungu ana vipawa!! Na mikono ya kuomba, mingi.

Na watu wa familia wanampongeza. Shangazi. Mjomba wa Nairobi. Mama amemwomba mdogo wangu amtumie moyo mwekundu. Mama! Alinisikia nikisoma mchezo ule sebuleni mwezi mzima, kabla ng'ombe hajaingia!

Nimekaa kitandani na viatu. Siwezi hata kulia. Mwizi usiyemjua jina ukimkuta unapiga kelele. Huyu unaanzaje?


Jumatatu, 25 Mei

Sikukuu, hakuna kazi. Nimempigia.

"Allo, dada."

"Usiniite dada. Nani ametunga Munda?"

 Runinga inasikika kwao. Akatoka nje, nikasikia magari.

"Bon, sikia kwanza. Bazee ba huku banauliza kila kitu. Nikisema ni Kampire wa Louisville, banapiga simu kwa Pasta Theogene, banasikia ile ya Pasaka, mchezo inakufa mara ya pili. Donc niliweka jina yangu. Ni jina tu."

"Ni jina tu? Basi weka la Kataliko."

"Kule muliizika, Kampire. Miye niliitoa ku kaburi. Mutu ya kufanya vile iko mwizi?"

Ndiyo, nikasema. Mtu wa kufanya hivyo bila kuuliza ni mwizi. Akasema angeniuliza ningekataa. Nikasema ehe, unaona, ulijua!  

Mwisho nikamwambia angalau amtoe yule ng'ombe. Buffalo makanisa yote matatu yatakuwepo, Louisville, Columbus na wenyeji, na Semahoro na Bisogo huwa hawakosi. Rudisha mizigo ile ya historia. Akaapa kwa kaburi la bibi yake kwamba atamtoa.

Nimeandika mchezo mzima kumtetea Labieno. Huyu wa kwangu sina hata neno moja la kumtetea. Labieno nilimhurumia kwa sababu hakuwahi kula nyumbani kwetu.


Alhamisi, 11 Juni

Kazi, kulala, kazi. Kataliko ameiona vidio. Alinijia na foklifti akazima injini kabisa. Akasema nikitaka, twende Columbus tumpige. Nilicheka, mara ya kwanza tangu Mei. Nikamwambia Kaisari, subiri.

Mzee Semahoro hajarudi kanisani tangu Pasaka. Wanasema ni miguu.


Jumamosi, 27 Juni. Whitehall

Tumekuja Columbus kwa mahari ya Uwase. Ng'ombe wametajwa kwa majina na rangi za pembe, wakashangiliwa, na hakuna hata mmoja aliyeko upande huu wa bahari. Zamani ningecheka. Leo nilisikiliza kila neno.

Saa kumi wakatoka kufanya mazoezi kwenye maegesho, katikati ya majengo. Niliwatazama kutoka dirishani kwa Uwase. Ubaya ni huu: Nkusi ni mzuri. Ni mzuri kuliko alivyokuwa Louisville. Anapogeuza farasi — ni fagio — anaangalia nyuma mara moja tu, na unaona anajua wenzake watamwelewa vibaya, na anakwenda hivyohivyo. Sikumwandikia hivyo. Nilitaka kumchukia akiwa anaharibu. Hata hilo amekataa kunipa.

Aliniona dirishani. Akainua mkono. Sikuinua wangu.

Jioni alikuja kula. Mama akamshika mashavu kwa mikono miwili, amekonda, nani anampikia, akamjazia maziwa kikombe kikubwa. Nikasema mama, huyu ameniibia. Mbele za watu. Mama akasema maneno ya mchezo yanaibiwaje, si bado unayo kwenye daftari lako? Kaka yako akila chakula chako utamwita mwizi? Wageni wakacheka. Nkusi hakucheka, alitazama kikombe. Afadhali angecheka.


Ijumaa, 31 Julai. Buffalo

Tumefika na magari matano. Mzee Semahoro amekuja! Miguu imepona au amebebwa, sijui. Alipanda gari la mbele, Mzee Bisogo akapanda la mwisho.

Mkutano uko kwenye ukumbi wa shule. Mlangoni wanagawa programu. Kesho, saa tisa: Vita vya Munda. Mchezo umetungwa na Ndugu Nkusi, Columbus.

Nimeisoma mara nyingi nikitumaini labda nimekosea. Jina lake linapendeza kwa herufi zile.

Nimeamua. Kesho makofi yakipigwa nitasimama. Sitapiga kelele. Nitasema tu: naitwa Kampire, nimeutunga mimi. Nimejaribu kusema hivyo mbele ya kioo cha bafu la watu waliotupokea. 


Jumamosi, 1 Agosti

Naandika kwenye korido ya shule, chini ya makabati ya wanafunzi. Watu wanakula. Tukimaliza kula tunaitwa tena ndani. Niandike haraka.

Hakumtoa ng'ombe.

Nilikaa safu ya nne na mama. Kaisari mwembamba akaja, Labieno akahama, nikasubiri mizigo. Nikaona blanketi linaingia na miguu minne.  Aliniapia! Mjumbe akasimama mlangoni: Bwana wangu anasema zizi lake limesahau harufu yako. Ukumbi mzima ukavuta pumzi, makanisa matatu. Nikamtafuta Mzee Semahoro. Alikuwa amekaa. Hakuondoka safari hii. Mikono juu ya fimbo, macho mbele, akatazama mpaka mwisho, mpaka Labieno amekufa na fagio lake.

Makofi yalianza. Mengi! Nikashika kiti cha mbele nisimame. Nilikuwa nimeshainuka nusu, naapa.

Mzee Bisogo akaniwahi. Alisimama akipiga sakafu kwa fimbo. Akasema mchezo huu aliuona Louisville siku ya Pasaka, akavumilia, akaambiwa ni watoto. Sasa umemfuata mpaka Buffalo. Kwa hiyo si watoto, kuna mtu mmoja anaandika kumwaibisha yeye, na anataka kumwona huyo mtu leo. Sauti yake ilikuwa inapasuka. Hakuwa na hasira tu, alikuwa anaumia, mzee wa watu.

Mwenyekiti wa mkutano akachukua kipaza sauti. Akasema jambo hili haliwezi kupita. Mwandishi ajitokeze. Atasimamishwa huduma zote mwaka mzima, kwaya, vijana, kila kitu, na ataomba msamaha kwa Mzee Bisogo mbele ya makanisa. Nani ameandika?

Pasta Theogene anajua. Alitazama viatu vyake.

Nilikuwa bado nusu nimesimama, nusu nimekaa. Mama akanishika sketi kwa chini. Kwa nguvu! Na Nkusi pale jukwaani, amelala bado mahali Labieno alipofia, akainuka, akajipangusa magoti.

"Ni miye," alisema. "Na ile ya Louisville, ni miye niliandika, nikiwa bado kule. Ng'ombe ni yangu, na maneno ya mlango ni yangu. Batu bengine balicheza tu. Hakuna mutu alinisaidia."

Hakuna mtu alimsaidia.

Mama akaachia sketi yangu. Akaninong'oneza, unaona? Unaona alivyo? Amekuokoa. Machozi yanamtoka ya furaha. Labda ni kweli. Labda ndivyo alivyopanga tangu siku ile ya simu, jina lake lisimame mbele, likitokea la kutokea limpate yeye. Au hakupanga chochote, alipenda tu kuona jina lake kwenye karatasi, na leo imembidi awe shujaa. Sijui! Nimeishi naye tangu utoto na sijui anakimbia au anakwenda kambini. Ningeshukuru. Najaribu kushukuru. Lakini kilichomo ndani yangu si shukrani. Mchezo alichukua. Sasa amechukua hata kosa langu. Ng'ombe yule alikuwa kosa langu mimi, lilinijia kwenye ngazi za kanisa, mimi ndiye niliyewaumiza wazee wale, na sasa sina hata hilo.

Mwenyekiti akasema tule kwanza, tukirudi Ndugu Nkusi atapiga magoti.

Nilikuja hapa koridoni nipumue. Mzee Semahoro akaja, polepole, peke yake, akishika ukuta. Akanitambua kwa jina la mama, binti wa Kostansia, akanisalimia vizuri. Akauliza kijana yule aliyeandika amekwenda wapi.

Nikamuuliza, unamtakia nini, Mzee?

Akasema: "Kuna maneno ya mlangoni. Niliyoambiwa mimi hayakuwa hayo, lakini uchungu ni uleule. Kijana wa umri ule ameyajuaje? Halafu kwenye mchezo Labieno anasimama tu, hajibu. Mimi nilijibu. Sijawahi kumwambia mtu nilichojibu. Hata mke wangu. Nataka kumwambia huyo aliyeandika."

Labieno hajibu kwa sababu sikujua mtu anajibu nini. Nilikaa siku mbili na ukurasa ule, nikauacha wazi.

Mdomo wangu ulifunguka. Nikaona adhabu, mwaka bila kwaya, Mzee Bisogo, magoti, makanisa matatu, mama. Na mkono wangu ukainuka wenyewe. Nikamwonyesha Nkusi kwa kidole. Yule pale, Mzee, karibu na mlango wa ukumbi, mwenye shati la bluu.

Mimi. Hakuna aliyenishika sketi.

Akaniombea baraka, akaenda. Nawaona kutoka hapa kupitia kioo cha mlango. Amemkalisha Nkusi kwenye benchi, ameweka mkono juu ya goti lake, anaongea. Anaongea bila kusimama, mdomo karibu na sikio lake. Nkusi anaitikia kwa kichwa kila baada ya muda, polepole, kama mtu anayepokea jibu la swali alilouliza. Sasa ameinua macho, amenitafuta, ameniona. Ananiita kwa mkono. Njoo. Njoo upesi, usikie jibu. Mzee hajui kwamba naitwa, bado anaongea, na mama amesimama mlangoni na sahani yangu ya wali ananiambia ukumbi unafunguliwa, niingie nikae